Mkono Usiojua

Kitufe kilikuwa cha buluu. Mwongozo ulisema cha kijani.

Nilikaa mbele ya kompyuta ya karakana muda wote wa mapumziko ya mchana nikitafuta kitufe cha kijani, wenzangu wakila na kucheka nyuma yangu. Nilidhani macho yangu ndiyo mabovu. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba maandishi yakipingana na mimi, mwenye kosa ni mimi. Mwishowe nikabonyeza cha buluu kwa uoga, na mchoro wa blauzi ukafunguka kama mwongozo ulivyoahidi.

Mimi ni mkataji katika karakana ya sare. Naweka karatasi juu ya kitambaa, nazungushia chaki, kisha nakata. Zamani karatasi hizo zilichorwa kwa mkono, hadi msimamizi wetu alipoleta programu ya kuchora. Unaipa vipimo vya kifua, kiuno, bega na urefu wa mkono, nayo inachora kila kipande, unakichapa kwenye printa na kukikata. Programu hiyo ni ya bure. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, kila mmoja yuko kwake, na yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha. Nilipoambiwa hivyo nilidhani ni utani. Nyumba gani hiyo isiyo na kufuli, na bado haijaibwa milango?

Chini ya kila ukurasa wa mwongozo palikuwa na nafasi ya maoni. Nikaandika kwa kidole kimoja: "Kitufe si cha kijani. Ni cha buluu. Samahani." Nikaondoka pale haraka kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe.

Kesho yake nikakuta jibu. "Umeona kitu ambacho watu kumi na mmoja hatukukiona kwa mwaka mzima. Usiombe samahani. Njoo kwetu."

Aliyeandika alikuwa mkunga wa zahanati, aliyeanza kuitumia programu ile kushonea watoto wachanga nguo. Wenzake walimwita Mama Mapacha. Ndiye aliyewaongoza watu waliojitolea kuutunza mwongozo huo kwa Kiswahili, na walikuwa na desturi yao ambayo sijaisikia kwingine. Ukurasa hautolewi mpaka upite kwa Mdomo na Mkono. Mdomo ni mtu anayesoma ukurasa kwa sauti kwenye simu, neno kwa neno, haruhusiwi kuongeza hata "yaani". Mkono ni mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, anafanya alichosomewa na hicho tu. Haruhusiwi kukisia wala kuuliza. Ana maneno mawili: "tayari" na "sioni". Akisema tayari, Mdomo anaendelea. Akisema sioni, kosa ni la ukurasa, si la Mkono, na ukurasa unarudi kwa aliyeuandika.

Kazi yenye maneno mawili. Kwa mtu kama mimi, ambaye nikisalimiwa na watu watatu kwa pamoja naangalia viatu vyao, kazi hiyo ilikuwa imekatwa kwa vipimo vyangu.

Nilisema "sioni" mara nyingi hata nikapewa jina. Aliyenipa ni Fundi Redio, mtu wa kutengeneza redio na chochote chenye waya, ambaye aliandika kurasa nyingi kuliko wote na kuzipenda kama watoto wake. "Sioni kaja, fungeni milango," alikuwa akisema nikiingia kwenye simu. "Huyu ukimwambia bonyeza hapo juu, hanyanyui kidole mpaka umwambie juu ya nini. Huyu lazima ni mwalimu wa chuo cha ushonaji. Nawajua kwa ukali wao." Wengine wakakubali. Mimi sikukanusha. Kukanusha kungehitaji neno la tatu.

Tulikuwa kumi na wawili nilipoingia. Watu hawakuondoka kwa ugomvi. Waliondoka kama nywele: unachana leo, unachana kesho, huoni kitu, siku moja unashika kichwa. Mume na mke waliokuwa wakitafsiri pamoja walipata mtoto, wakaandika, "Tutarudi akianza kulala." Mtoto huyo sasa anapanda ngazi peke yake. Mwalimu wa hisabati alibadilisha simu, akapotelea humo. Mwanasheria alipata kazi, akatuaga vizuri, akaacha kurasa nne zimefika katikati. Baada ya miaka miwili tukabaki watatu: Mama Mapacha, Fundi Redio na mimi.

Ndipo waliotengeneza programu wakatangaza toleo jipya, wakaliweka wazi kwa majaribio. Madirisha yamehamishwa, vitufe vimepewa sura nyingine. Lugha ambayo mwongozo wake haujakaguliwa wote hadi Jumamosi ya mwisho wa mwezi haitaingizwa. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Hawakuwa watu wabaya. Walisema mwongozo unaodanganya ni mbaya kuliko kukosa mwongozo, nami nakubaliana nao.

Nilijua maana yake kwetu karakanani. Msimamizi angeweka toleo jipya likiwa na mwongozo wa Kiingereza tu, na sisi wakataji sita tungerudi kusimama nyuma ya kiti chake tukingoja atusomee na kututafsiria. Siku asipokuwepo, tungekaa. Kwa miaka miwili kiti kile nilikuwa nakikalia mwenyewe. Sikutaka kurudi nyuma yake.

Kati ya kurasa sitini na nne, zilizobadilika zilikuwa ishirini na mbili. Fundi Redio aliziandika upya, Mama Mapacha akawa Mdomo kabla hajaingia zamu, nami nikawa Mkono asubuhi kabla cherehani hazijaanza kulia. Kila ukurasa uliopita tuliuwekea alama kwenye orodha. Tulikimbia kweli. Siku ya kumi na mbili tukaweka alama ya mwisho. Fundi Redio akatuma picha ya jogoo aliyefura kifua, nikacheka peke yangu mpaka shangazi, anayepiga pasi meza ya pili, akauliza nimeona nini.

Kesho yake ukaja ujumbe chini ya ukurasa wa thelathini na moja, ule unaofundisha kuchapa.

"Habari zenu. Mimi ni mshonaji. Nimefuata ukurasa huu kukata blauzi kumi na mbili za watoto wa chekechea. Zote zimetoka ndogo, shingo haipiti kichwani. Sina ugomvi. Najua nimekosea mahali. Naomba mniambie nilikosea wapi, nisirudie."

Nilisoma mara tatu. Sehemu iliyonichoma haikuwa blauzi. Ilikuwa ile "najua nimekosea". Nilimfahamu mtu huyo. Alikuwa mimi, nikitafuta kitufe cha kijani.

Nikafungua ukurasa na kuusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Unapochapa, printa ina tabia ya kubana mchoro kidogo ili uenee kwenye karatasi. Lazima uchague "ukubwa halisi" kwanza. Usipochagua, kila kipande kinapungua. Sentensi hiyo ilikuwepo kwenye mwongozo wa zamani, chini ya picha. Fundi Redio alipotoa picha ya zamani, sentensi ikaondoka nayo.

Hilo lingeweza kumtokea yeyote. Lakini ukurasa ulikuwa umepita kwangu. Mama Mapacha alisoma, "Fungua dirisha la kuchapa. Bonyeza Chapa." Na mimi nikasema tayari. Nilikumbuka vizuri kabisa. Katikati ya sentensi hizo mbili mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukachagua ukubwa halisi, bila kuambiwa na mtu. Ulikuwa umefanya hivyo kila siku kwa miaka miwili. Mkono wangu ulikuwa umeshajua mno, na Mkono anayejua hakagui kitu. Anaziba mashimo kwa kupita juu yake.

Nikamjibu yule mshonaji. "Hukukosea. Ukurasa ndio umekosea, na aliyeupitisha ni mimi." Nikamweleza namna ya kuziokoa: apasue blauzi ubavuni, kila upande aongeze kipande chembamba kutoka chini ya kwapa hadi kwenye pindo, na shingo aichimbe upya aizungushie utepe. Tumewahi kufanya hivyo karakanani, na watoto hupenda ule utepe.

Kisha nikawaomba wenzangu wawili tuongee kwenye simu.

"Blauzi kumi na mbili si msiba," Fundi Redio akasema, akiwa ameshasoma nilichowaandikia. "Tunarudisha sentensi, tunafunga ukurasa. Alama zote zipo. Nani atajua?"

"Mkono unajua," nikasema.

Sikuwa nimewahi kusema neno la tatu kwenye kikao. Nikaona nikinyamaza hapo sitaanza tena.

"Kurasa zote ishirini na mbili nimezipitisha mimi," nikasema. "Kwa mkono huu huu. Hatujui nyingine nimeziba nini. Ni kama hazijakaguliwa."

"Dada, zimebaki siku tisa," Fundi Redio akasema.

"Najua."

Mama Mapacha akashusha pumzi. Nyuma yake kulisikika mtoto mchanga akilia kwa nguvu zote. "Ukiziondoa alama hizo na tukashindwa kuzirudisha, Kiswahili hakimo. Umelielewa hilo, mdogo wangu?"

"Nimelielewa."

"Basi ziondoe wewe. Aliyezipitisha ndiye aziondoe. Na tutafute Mkono asiyejua kitu."

Nikaziondoa moja baada ya nyingine. Kila nilipobonyeza, ukurasa uligeuka kutoka mweupe kuwa wa kijivu. Sijui nisemeje. Niliumia, na papo hapo mgongo wangu ulikuwa umenyooka kuliko siku tulipotumiwa jogoo.

Mkono asiyejua kitu si rahisi kumpata kwenye karakana yetu. Wakataji wote wanaijua programu, washonaji wameichungulia. Aliyebaki alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliyenichukua mama alipofariki na kunitafutia kazi pale. Miaka miwili hajawahi hata kuifuta kompyuta vumbi.

"Mimi na hilo sanduku tunaheshimiana," aliniambia nilipomwomba. "Halinigusi, siligusi."

"Ndiyo maana nakutaka wewe, shangazi."

"Mnataka mtu mjinga."

"Tunataka mtu asiyejua. Ni tofauti."

Akanitazama, pasi ikitoa mvuke mkononi. "Nani kakufundisha kujibu?" akasema, akaiweka pasi wima, na kesho yake mapumziko ya mchana akaja kukaa kwenye kiti.

Alikishika kipanya kama anavyoshika pasi, akakikandamiza kwa uzito wote. Mdomo alikuwa Fundi Redio, kwa sababu mkunga mwenza wa Mama Mapacha alikuwa ameenda likizo ya uzazi, wakunga nao huzaa, na Mama Mapacha sasa alishika zamu mbili. Nikaweka simu mezani, sauti juu.

"Bonyeza neno Faili," Fundi Redio akasoma, "yaani ile ya kule juu kabisa kushoto, mama, ukitazama vizuri utaiona, iko karibu na ile nyingine."

"Mimi si mama yako. Nyingine ipi?"

"Haikuandikwa, hiyo nimeongeza tu."

"Huyu ni Mdomo au ni redio yenyewe?" shangazi akaniuliza.

"Nakusikia, mama."

"Usikie vizuri basi. Na mimi si mama yako."

Walijaribu ukurasa huo mara tatu. Fundi Redio ni mtu mwema, lakini kurasa zile alizizaa yeye, na mzazi hawezi kumwacha mtoto ajibu mwenyewe. Kila shangazi aliposita, alimsaidia. Kila alipomsaidia, ukurasa ulikuwa umeshaharibika kwa desturi yetu, inabidi kuanza mwanzo. Mapumziko yakaisha hatujapitisha hata mmoja.

"Nimeshindwa," Fundi Redio akasema mwenyewe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mpeni mtu mwingine asome. Mimi nitakaa hapa dukani na kompyuta yangu. Mkisema sioni, narekebisha papo hapo."

"Amebaki nani?" shangazi akauliza. Kisha akageuza shingo, akaniangalia.

Nina jambo la kusema hapa. Mara ya mwisho kusoma kwa sauti mbele ya mtu nilikuwa darasa la tano. Nilisoma kwa kidole, neno, halafu neno, na darasa zima lilikuwa likinisubiri mwisho wa mstari ili licheke. Mwalimu alisema, "Kaa chini, jua litazama." Muhula uliofuata mama akaugua, mimi ndiye niliyebaki nyumbani kumuuguza. Tulisema ni muhula mmoja. Muhula mmoja ukazaa mwingine, na mama alipofariki umri wa kurudi darasani ulikuwa umenipita. Kusoma kimya nilijifunza baadaye, kwa mwongozo huu huu, maana haukunihimiza. Lakini sauti yangu niliiacha kule kwenye dawati.

"Mimi nasoma polepole," nikamwambia shangazi.

"Na mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Siku ya pili nikaketi pembeni yake na karatasi. Fundi Redio alikuwa kwenye simu, ameahidi kutofungua kinywa. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza. Sauti yangu ilitoka kama mlango wa zamani.

"Bonyeza neno Faili. Lipo pembe ya juu, upande wa kushoto."

Mkono wa shangazi ukaondoka, ukapanda, ukatafuta, ukafika. Bonyeza.

"Tayari."

"Katika orodha inayoshuka, bonyeza Fungua."

Nilipofika kwenye "Fungua" mkono wake ulikuwa unafika nao. Nikasoma mstari mwingine, na mwingine. Hakuna aliyenisubiri mwishoni. Kidole changu kwenye karatasi na kidole chake kwenye kipanya vilikuwa vinatembea pamoja, kama watu wawili wanaobeba meza.

Ukurasa ulipoisha shangazi akageuka. "Unaona? Yule alikuwa ananikimbiza. Wewe unasoma kwa mwendo wa mkono wangu."

Nikainama kutafuta kitu chini ya meza. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa natafuta mahali pa kuuweka uso.

Baada ya hapo kazi ikatembea. Kila mchana tulipitisha kurasa nne, mara nyingine tano. Na shangazi akawa Mkono wa kuogopwa. Ukurasa mmoja ulisema, "Subiri kidogo." Akakunja mikono, akasubiri. Wenzetu wakamaliza kula, wakafunga vyombo, shangazi bado amekaa.

"Sioni," akasema mwishowe.

"Huoni nini?"

"Sioni kidogo chenyewe kinaishia wapi."

Kwenye simu nikasikia Fundi Redio akijizuia kama mtu aliyebanwa na kikohozi. Dakika mbili baadaye ukurasa ulikuwa umebadilika: "Subiri mpaka duara linalozunguka lipotee." Mwingine ulisema, "Bonyeza popote." Shangazi akabonyeza meza. Hakuwa anatania. Meza ni popote.

Kurasa saba kati ya zile ishirini na mbili zilikuwa na shimo. Saba, ambazo mkono wangu ulikuwa umeziruka bila mimi kujua. Kila shimo lilipotokea nilimwandikia Mama Mapacha. Alijibu akiwa katikati ya zamu zake kwa neno moja, "Vizuri," na nilijua anamaanisha.

Ukurasa wa thelathini na moja tuliuweka mwisho, Alhamisi, siku mbili kabla ya Jumamosi ile. Sentensi ya ukubwa halisi ilikuwa imerudishwa. Nikasoma, shangazi akachagua, printa ikakohoa na kutoa karatasi ya kwanza. Shangazi akaitazama mbele na nyuma kama anayetafuta doa.

"Sioni."

"Huoni nini, shangazi?"

"Sioni kazi ya hiki kiboksi." Akaweka ukucha juu ya mraba mdogo uliochorwa pembeni ya karatasi, nje ya mchoro wa blauzi. "Hakina kwapa, hakina shingo. Kimekuja kufanya nini?"

Nikamweleza kwamba ni cha kupimia. Kila upande wake ni sentimita kumi kamili. Ukikipima na kukikuta kumi, mchoro wote ni sahihi. Ukikuta kimepungua, usikate.

"Hilo limeandikwa wapi?"

Nikatafuta kwa kidole. Halikuandikwa. Nikatafuta kwenye mwongozo wa zamani. Halikuwahi kuandikwa.

"Mbona hamkuliandika?"

"Kila mtu analijua," nikasema.

"Mimi si mtu?"

Nikamfikiria yule mshonaji na blauzi zake kumi na mbili. Kiboksi kilikuwa mbele yake siku ile, kimepungua, kinamwambia asikate, naye hajui lugha yake. Fundi Redio akasema kwenye simu, taratibu, "Hiyo uandike wewe, Sioni. Mimi nikiiandika nitaijaza maneno."

Sikuwa nimewahi kuandika kitu ndani ya mwongozo. Nilikuwa mtu wa kusema sioni. Nikachukua penseli ya chaki, nikajaribu kwanza kwenye karatasi ya kukatia, nikafuta, nikajaribu tena. Mashine zilikuwa zimeshaanza kulia na msimamizi alinitazama mara mbili, lakini hakusema kitu. Mwisho ikawa hivi:

"Kabla hujakata, pima mraba mdogo ulio pembeni ya karatasi. Ukiwa sentimita kumi kila upande, kata. Ukiwa pungufu, usikate. Rudi uchague ukubwa halisi."

Nikaituma. Fundi Redio akakaa nayo muda mrefu kwa mtu kama yeye.

"Nimetafuta pa kutia mkono," akasema. "Sikupaona."

Ijumaa tukaurudia ukurasa wote mwanzo hadi mwisho, kwa sababu desturi ni desturi. Shangazi akachapa, akavuta futi iliyoning'inia shingoni kwangu, akapima kiboksi upande mmoja, akakigeuza, akapima upande wa pili. "Kumi," akasema. "Na kumi. Tayari." Nikaweka alama. Kurasa sitini na nne, zote nyeupe. Shangazi alirudi kwenye pasi yake bila kusema neno, ila nilimsikia akimwambia mpiga pasi mwenzake, "Lile sanduku lina adabu likisomewa vizuri."

Siku hiyo hiyo ukaja ujumbe kutoka kwa yule mshonaji, na picha ya mtoto aliyevaa blauzi yenye utepe shingoni, anakunja uso kwa sababu ya jua. "Inapita kichwani," aliandika. "Nimeona mmeongeza habari za kiboksi. Mimi nilidhani ni urembo. Kama mna nafasi ya mtu asiyejua, mimi kuna mengi siyajui." Mama Mapacha alimjibu kabla sisi hatujamaliza kusoma.

Jioni, zamu yake ilipoisha, Mama Mapacha akatupigia simu sote. Ukurasa wa mwisho wa mwongozo una orodha ya walioutunza, na kila mmoja huandikiwa mstari wake. Ulikuwa haujaguswa tangu tulipokuwa wengi. Shangazi nami tulikuwa njiani kurudi nyumbani, tukasimama ukutani mwa duka lililofungwa ili tusikie vizuri.

"Wa zamani hatuwafuti," Mama Mapacha akasema. "Waliweka mawe ya chini. Mimi niandikeni mkunga, basi. Fundi?"

"Hutengeneza chochote chenye waya. Kwa Mdomo, hafai."

"Shangazi?"

"Andika mpiga pasi," shangazi akasema kwenye simu yangu. "Na huyo kijana wa redio aandikwe kwamba mimi si mama yake."

Wakacheka wote. Fundi Redio akasema, "Sioni mwandikeni mwalimu wa chuo cha ushonaji. Mstari wake mimi naujua tangu zamani."

Ningeweza kuliacha lipite, kama nilivyoliacha kwa miaka miwili. Lilikuwa jina zuri. Shangazi alikuwa ananitazama, na mkono wangu ulikuwa na chaki bado. Nikaisogeza simu karibu na mdomo.

"Mimi si mwalimu," nikasema. "Ni mkataji wa sare. Shule niliishia darasa la tano, kwa sababu nilikuwa namuuguza mama. Nasoma kwa kidole. Kurasa hizi ishirini na mbili nimezisoma kwa sauti, na ile sentensi ya mraba nimeiandika mimi. Andika hivyo hivyo, usiongeze neno."